Mpaka Uguse

1

Mzee Ambakisye alikohoa koridoni, na Tumpe akaingia stoo.

Hakukimbia. Alikuwa ameshazoea. Aliweka sufuria chini, akajitanda kitenge mpaka kwenye nyusi, akajibanza nyuma ya mlango kati ya gunia la mchele na ndoo za mbegu za viazi. Hatua za mzee zikapita taratibu, kisigino cha kushoto kikiburuzika. Mlango wa uani ukalia. Tumpe akatoka, akaokota sufuria yake.

Hivyo ndivyo walivyoishi tangu alipoolewa. Desturi ya kwao ilikuwa kwamba mke hamtazami baba mkwe wake usoni, hamgusi, hamsemeshi, wala hakai naye chumba kimoja. Watu wengi wa mji wa Nsongola walikuwa wameiacha, na Lugano, mume wa Tumpe, aliwahi kuwaambia wote wawili kwamba inamchosha. Lakini Lugano alikuwa bonde la Rukwa akifunga paneli za jua, na waliobaki nyumbani walikuwa hao wawili. Kwao haikuwa chuki wala woga. Ilikuwa heshima, na heshima hiyo ilikuwa na upole wake. Mzee hakuwahi kumtokea ghafla hata siku moja. Kila mara alikohoa kwanza, ili Tumpe ajiondoe bila haraka. Tumpe naye alijua, bila kuambiwa, siku ambayo mzee angependa uji badala ya chai.

Wakiwa na neno la lazima, walimpa paka.

"Karani," mzee alisema kutoka uani, kwa sauti ya kufika jikoni. Paka alikuwa amejilaza juu ya tofali lenye jua. "Mwambie mwenye jiko, uji wa jana ulikuwa mzuri. Ila sukari nadhani aliionyesha sufuria kwa mbali, kisha akairudisha kabatini."

Tumpe akatabasamu. "Karani, mwambie Baba, nesi ndiye aliyekataza sukari."

"Karani, mwambie nesi, anayekunywa uji ni mimi."

Paka akageuza sikio moja, akaendelea kulala.

Kisha mzee akasema kwa sauti nyingine, "Karani, kuna jambo. Ukuta wangu bado unaunguruma."

Mikono ya Tumpe ikasimama juu ya ungo.

"Mtambo wa maporomoko umezimwa," mzee akaendelea. "Nilikuwepo. Nimeuendesha ujana wangu wote, na nikauzima kwa mkono wangu mwenyewe. Mji mzima sasa unatumia umeme wa mkondo mnyoofu. Ukutani mwangu nani bado anavuta msumeno?"

"Karani," Tumpe akasema, na alijisikia mwenyewe akisema, "mwambie Baba, mji umewaachia wazee muda kidogo. Mpaka wazoee."

"Aa," mzee akasema. "Wamefanya vyema. Mungu awabariki."

Tumpe akapepeta mchele ambao tayari ulikuwa safi.

2

Nyuma ya gunia la mchele, stoo, kulikuwa na kigeuzi.

Nyumba za Nsongola zilijengwa enzi za mtambo wa maporomoko. Ndani ya kila ukuta mafundi walizungusha nyaya za shaba, duara juu ya duara, kama ukindu kwenye mkeka wa mviringo. Mkondo geu ulipopita humo, ukienda na kurudi mara hamsini kila sekunde, chombo chochote chenye koili ndogo, waya uliozungushwa vivyo hivyo, kiliupokea hewani bila kuunganishwa. Taa ziliwaka mezani zikiwa hazijafungwa popote. Redio ziliimba mifukoni. Na vifuani mwa wazee waliodhoofika, mioyo ilidunda.

Kidundo cha Mzee Ambakisye, kifaa cha kuusukuma moyo upige, kilikuwa chini ya ngozi ya mgongo, karibu na bega la kushoto, na uzi wake mwembamba ulishuka mpaka moyoni. Kilikula kutoka ukutani mchana na usiku. Akitoka nje ya nyumba, kiliweza kuvumilia muda wa ibada moja, tena ibada yenye mahubiri mafupi.

Kisha mto ukapungua, mtambo ukachakaa, na juu ya mapaa jua likawa linawaka bure. Jua huzaa mkondo mnyoofu. Betri hutunza mkondo mnyoofu. Kuna haja gani ya kuugeuza ndipo uutumie, ilhali kila ukiugeuza kuna kinachopotea njiani? Viongozi waliwaeleza watu hivyo, na walikuwa sahihi. Hata neno lenyewe liliwapendeza watu. Mchungaji aliuombea mji utoke katika ugeugeu na uingie katika unyoofu, na kanisa zima likaitikia amina, Tumpe akiwemo.

Lakini mkondo mnyoofu una jambo moja. Hauruki pengo. Koili huusikia mkondo wa jirani yake pale tu mkondo huo unapobadilika, na mkondo mnyoofu ukishatulia haubadiliki. Unapita upande mmoja, kimya, na koili iliyo ng'ambo haina habari kwamba upo. Ili ufike mahali, lazima kitu kiguse kitu.

Kwa hiyo zahanati iliwawekea wazee kifungo kidogo cha dhahabu juu ya ngozi, penye kidundo, na kuwapa kila mmoja bamba la kuwekwa juu yake asubuhi na jioni. Mgongo wa Mzee Ambakisye ulikuwa umepinda. Mkanda wa kulifungia bamba uliteleza, na mikono yake haikufika. Mwanzoni, siku za majaribio mtambo ukiwa bado haujazimwa, rafiki yake Kajela alikuja kumshikia bamba, mpaka Kajela naye alipoanguka akavunjika nyonga. Nesi Anyisile, ambaye hakuwa mtu wa huko, akasema, "Si mkwe wako yupo nyumbani?" Mzee akachukua kofia yake akaondoka bila kuaga.

Tumpe alielezwa hayo na nesi mwenyewe. Tumpe alikuwa fundi umeme, na tena mtunzaji wa betri ya mtaa, ile iliyogawia nyumba zote za upande wao. Akaunda kigeuzi, kifaa kinachoupokea mkondo mnyoofu na kuutikisa huku na huko mpaka unakuwa geu. Akakiunganisha na betri ya mtaa mahali ambapo mita haioni, akaziwasha kuta za chumba cha mzee. Alijua ni kama kulifurikisha shamba zima ili kuunywesha mche mmoja. Sehemu kubwa ya nguvu ile ilipotelea hewani. Alipiga magoti akasema, "Bwana, ni kwa muda tu," na kwa kuwa hakusikia katazo, akachukulia kwamba ameruhusiwa.

3

Subilaga wa nyumba ya pili aliingia uani kabla umande haujakauka, mtoto amefungwa kifuani kwa khanga mbili, na sweta la mumewe juu yake. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, mdogo wa kutosha kwenye kofia. Hospitali ilimruhusu kwa sharti moja: alale kwenye kitanda cha joto mpaka anenepe. Kitanda kilitegemea betri ya mtaa.

"Kilipoa alfajiri," Subilaga akasema. Hakutaka kuketi. "Nilishtuka kwa sababu alikuwa kimya. Namgusa miguu, baridi. Nikamweka kifuani, nikamfunika, nikamwimbia nyimbo zote ninazozijua, hata za harusi, mpaka akaninyea. Dada Tumpe, sijawahi kufurahi kunyewa namna ile."

Wakacheka, na machozi yakamtoka Subilaga katikati ya kicheko.

"Betri iliisha," Tumpe akasema.

"Iishe vipi? Jana jua lilikuwa kali, ilijaa. Mume wangu anasema ipo nyumba inachota kwa siri. Anataka apite mlango kwa mlango na panga. Nikamwambia, kaa chini, niache niende kwa Tumpe. Yule ni mtu mnyoofu, atamjua." Akafungua fundo la khanga. "Mshike kidogo nijikaze vizuri."

Tumpe akampokea. Alikuwa mwepesi kama mkate uliotoka tanurini, na pumzi zake zilikwenda haraka, kwa bidii, kama mtu mwenye kazi nyingi.

"Usiogope, ameshapata joto," Subilaga akasema.

Neno lilimfika Tumpe kwenye meno. Akalimeza. Akasema, "Leo hakitapoa. Nakuahidi."

"Nilijua," Subilaga akasema, akamchukua mwanawe, akaondoka akiwa amefarijika. Hilo ndilo lililomuumiza Tumpe kuliko kama angetukanwa.

Dirisha la chumba cha mzee, lililotazama uani, lilikuwa wazi. Tumpe hakulitazama.

4

Stoo, alipiga magoti kati ya ndoo. Safari hii hakuomba ruhusa. "Bwana, umewaumba wote wawili," akasema, na hakupata neno la kuongeza. Akazima swichi.

Mngurumo ambao alikuwa ameacha kuusikia ukakatika, na nyumba ikawa kama nyumba ambayo wenyewe wamesafiri.

Akampigia nesi. Nesi alikuwa ng'ambo ya mto, kwa mama mwenye uchungu wa kuzaa.

"Nitakuja nikimaliza, na sijui nitamaliza lini," nesi akasema. "Bamba si lipo? Na wewe una mikono."

"Nesi, huelewi."

"Sielewi kweli," nesi akasema, bila ubaya. "Mtanielewesha siku nyingine, mkiwa wote hai."

Tumpe akainjika maharage ili mikono iwe na kazi. Alitaka kumweleza mzee kila kitu, kigeuzi, mtoto, uongo wa jana, kisha amwombe akubali mwanamume yeyote wa mtaani aje amshikie bamba. Akamtafuta Karani. Juu ya tofali hakuwepo. Nyuma ya banda la kuku hakuwepo. Akasimama jikoni akiyapanga maneno, akiyapangua, mvuke wa maharage ukipiga kifuniko.

Kikohozi kikasikika koridoni.

Kabla hajawaza, alikuwa tayari stoo, kitenge kichwani. Akasubiri hatua zipite. Hazikupita. Mzee akakohoa tena, karibu na mlango. Labda ameona pindo la kitenge, Tumpe akafikiri, anasita kupita. Akalivuta pindo ndani, akajisogeza nyuma zaidi ya gunia. Kikohozi cha tatu kikaja, chepesi, kama cha mtu anayeomba radhi. Tumpe akabana hata pumzi, amfungulie njia kabisa.

Halafu akasikia kiganja kikiteleza ukutani, kutoka juu kuja chini, polepole.

Akaelewa. Maisha yake yote katika nyumba ile kikohozi kile kilikuwa na maana moja tu, nayo ilikuwa ondoka. Mzee hakuwa na sauti nyingine ya kumwitia.

5

Mzee Ambakisye alikuwa ameketi sakafuni, miguu imenyooka mbele, kofia imeanguka. Tumpe aliuona uso wake. Kwa miaka yote alimjua kwa visigino, kwa kofia, kwa nguo alizozifua. Sasa aliona kwamba mdomo wa Lugano ulitoka pale. Midomo yenyewe ilikuwa ya rangi ya majivu. Akainamisha macho.

"Karani," mzee akasema, akiitazama sakafu. Ilimchukua muda kupata pumzi ya neno la pili. "Karani yuko wapi?"

Tumpe akatazama uani, akatazama jikoni.

"Hayupo, Baba," akasema.

Wote wawili wakaisikia sentensi ile ikipita kati yao bila mchukuzi.

"Basi," mzee akasema. Akaweka viganja sakafuni, akaanza kujigeuza, kidogo kidogo, bila kuomba msaada, mpaka uso wake ukaelekea ukutani na mgongo ukamwelekea mkwe wake. Kilichokatazwa zaidi ni uso. Mgongo alimpa.

Bamba lilining'inia kwenye msumari karibu na mlango wa chumba chake, bado ndani ya mfuko wake wa kitambaa. Tumpe alilichukua, akachomeka waya wake kwenye soketi. Akapandisha shati kutoka nyuma. Kifungo cha dhahabu kilikuwa kidogo kama punje ya mtama. Mkono wake ulisimama hewani, umbali wa unene wa jani, na katika umbali ule hakikupita kitu. Akafumba macho. "Bwana, uushike mkono huu," akasema, akagusa.

Ngozi ilikuwa baridi na laini kuliko alivyodhani. Taa ya bamba haikuwaka.

"Haipiti, Baba."

"Umeliweka… kichwa chini." Mzee alivuta pumzi. "Mkondo geu hauna kichwa wala miguu, uuchomeke utakavyo. Huu una upande wa kuingilia… na wa kutokea. Alama nyekundu iwe juu."

Akaligeuza. Taa ikawaka kijani hafifu. Hakuna kilichounguruma. Chini ya vidole vyake, baada ya kitambo ambacho alikuwa akiomba bila maneno, pigo moja likaja, kisha jingine, kisha yakaanza kufuatana kama watu wanaokumbuka njia ya kwenda nyumbani.

"Usitoe mkono," mzee akasema.

"Sitoi."

Walikaa hivyo mpaka harufu ya maharage yanayoungua ikajaa koridoni.

"Nilimsikia Subilaga," mzee akasema hatimaye. Sauti yake ilikuwa imeanza kurudi. "Dirisha lilikuwa wazi. Nikajua mara moja ule mngurumo unatoka wapi. Mimi nimelala na sauti ile tangu ujana wangu, mkwe wangu, ukadhani sitajua kwamba ipo upande wa stoo?"

"Nilikudanganya, Baba."

"Ulimdanganya Karani. Yeye ameshakusamehe, hakusikiliza." Bega lake likatikisika kidogo kwa kicheko. "Nilitaka kuzima mwenyewe, ukanitangulia, nikaja kukuita. Nikakohoa ili kama upo ndani utoke. Hukutoka. Nikakohoa tena. Huku moyo nao unaniambia, mzee, huna muda."

"Nilijificha zaidi nikupe njia."

"Najua. Tungeuana kwa heshima, mimi na wewe."

Tumpe akalia, na kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa kwenye bamba, machozi yalidondoka juu ya shati la mzee. Mzee aliyasikia yakimlowesha.

"Nilipokuwa mvulana," akasema, "kabla ya mtambo, nilipasua mbao na baba yangu. Yeye juu ya gogo, mimi chini, tunavutana msumeno. Unakwenda, unarudi. Jioni ubao umekatika na msumeno haujasafiri popote. Niliposomea umeme wakatufundisha mkondo geu, nikasema, huu naujua. Nguvu inafika, na hakuna aliyeondoka mahali pake. Niliupenda kwa hilo. Mtu anaweza kumlisha mwenzake kupitia ukuta, kila mmoja chumbani kwake." Akapapasa ukuta. "Lakini mtoto yule amelipa joto lake ili mimi na wewe tubaki kila mmoja chumbani kwake. Hapana. Hiyo siwezi kwenda nayo mbele za Mungu."

"Hata mimi, Baba."

"Utamwambia Subilaga?"

"Nitamwambia leo. Nao ufunguo wa betri nitaurudisha, waamue wao."

"Mwambie na mimi nilikula."

"Wewe hukujua."

"Nilijua kuna kitu. Nikawabariki viongozi haraka haraka ili nisiulize tena." Akavuta pumzi ndefu, ya kwanza kamili. "Sasa hivi moyo unapiga vizuri?"

Tumpe akasikiliza kwa kiganja. "Unapiga vizuri."

6

Subilaga alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni. Tumpe alisema yote bila kujitetea, kisha akamkabidhi ufunguo wa betri. Subilaga aliutazama ufunguo, akautazama uso wa Tumpe.

"Nilikupa umshike," akasema. "Ulimshika huku unajua." Akafunga mlango, taratibu, kwa ajili ya mtoto aliyelala.

Mtaa ulikaa, ukamweka mume wa Subilaga kuwa mtunzaji. Tumpe alikibomoa kigeuzi mbele yao wote, shaba akaitoa kwa shule. Kanisani alikaa benchi la nyuma. Kitanda cha joto hakikupoa tena. Alijua, kwa sababu kila alfajiri alitoka uani akasikiliza upande ule mpaka mtoto alie, ndipo arudi ndani.

Ikapita muda, mtoto akaota mashavu. Siku moja Subilaga akaingia uani bila hodi, akasimama mbele ya Tumpe aliyekuwa akianua nguo. Hakusalimu. Akafungua fundo.

"Mshike nijikaze khanga," akasema.

Tumpe akampokea. Alikuwa mzito sasa. Subilaga aliikaza khanga, akaifungua, akaikaza tena, akachukua muda mrefu kuliko khanga yoyote inavyohitaji.

Asubuhi iliyofuata, uji ukiwa mekoni, Mzee Ambakisye alikohoa koridoni.

Mguu wa Tumpe ukageukia stoo, kama ulivyofundishwa. Mkono ulikuwa umeshafika kwenye kitasa alipojishika. Kila asubuhi ilikuwa hivyo, na kila asubuhi ilibidi aanze upya. Kikohozi kikaja mara ya pili, bila haraka, kikimpa nafasi.

"Nakuja, Baba," akasema, akafuta mikono kwenye kitenge.

Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda, uso ukutani, shati limepandishwa nyuma, bamba limelazwa magotini, alama nyekundu juu. Karani aliinua kichwa kutoka kizingitini, akawatazama mmoja baada ya mwingine.

"Wewe lala tu," mzee akamwambia. "Leo huna kazi."